Lenzi Isiyovuta

Bado naiona asubuhi ile ya kijijini Mzenga, mwanangu, ingawa siku hizi macho yangu hayaoni bila miwani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, najifunza kupiga filamu kwa Mzee Kondo wa Misugusugu. Alinituma nikampige filamu Bi Mwamvua, mkunga wa kijiji, maana wanawe walitaka kubaki na sura yake.

Mzee alinipa kamera na lenzi yake ya zamani, nzito, rangi imebanduka. Haikuvuta vitu vya mbali; ukitaka kumkaribia mtu, utembee. Picha zake zililainika pembeni, na jua likiigonga, nuru ilitandaa kama maziwa ndani ya chai. Nikaona imechoka. Ujana una haraka ya kudharau. Nikaiacha mkobani, nikafunga lenzi mpya ya kuvuta, nikampiga filamu Bi Mwamvua kwa mbali akimenya mihogo. Hata shikamoo sikumpa.

Filamu iliposafishwa, tulimwonyesha katika darasa la shule ya kijiji, madirisha tumeyaziba kwa khanga. Kila kitu kilionekana: kila kunyanzi, kovu la shavuni, ufizi usio na jino. Bi Mwamvua akajifunika uso.

“Mwanangu,” akaniambia taratibu, “ulinichungulia.”

Mzee Kondo hakunikaripia mbele za watu. Tulipotoka nje aliniuliza nilitumia lenzi ipi, nami nikasema kweli.

“Kamwombe radhi,” akasema. “Akikubali, nenda na ile yangu. Usogee mpaka usikie anavyopumua.”

Nikaenda, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akanipa kisu. Tulimenya mihogo pamoja hadi jua likapanda, ndipo nikagusa kamera.

Tulipoonyesha tena, uso wake ulitulia katikati, macho yakimeremeta. Nyuma yake majani ya mikorosho yalikuwa yameyeyuka, yamekuwa madoa ya nuru yanayozunguka polepole, kama mambo ya ndotoni. Makunyanzi yalikuwepo yote, ila mwanga uliyapapasa. Bi Mwamvua alitazama mpaka mwisho.

“Rudisheni,” akasema. “Nimemwona mama yangu.”

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo mna kamera ndani ya simu, mnamvuta mtu kutoka ng'ambo ya barabara naye hana habari. Mwamkie kwanza, mwanangu. Kaa naye. Na chombo ulichopewa na mkubwa wako, kijue kabla hujakihukumu.

Mungu akujalie macho yenye huruma, na kila utakayemtazama afurahi kwamba umemwona.