Jalada la baba mkwe: upande wa kushoto uliosahaulika na jina nisilolitaja

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio ofisini na mlio shambani.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimefungua uzi wangu wa kwanza kwa sababu jambo hili limenikaa kooni, nisipolitoa nitaugua. Ni la kweli tupu. Ofisi siitaji na mji siutaji, kibarua kisije kikaota nyasi. Jueni tu ni huku Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa saba mtu unashika kalamu vidole vimekufa ganzi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhehe, kwetu ni Iringa, Mlandege. Nimeolewa na Mnyakyusa. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu kwenye masjala ya ardhi ya halmashauri, yaani kile chumba yanakokaa majalada ya viwanja vyote vya mji. Ukija dirishani ukaambiwa "faili lako halionekani, njoo Jumatatu", anayekuambia hivyo ni mtu kama mimi. Mtusamehe.

Sasa hapa nisomeni taratibu, maana presha yangu yote inaanzia hapa.

Ukweni kwangu ni watu wa mila. Kwao mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hampeani mikono, hamkai sebule moja. Mzee akija kwangu, mimi naingia jikoni, nabaki huko hadi aondoke. Na jina lake silitaji. Hakuna aliyenishikia fimbo. Halitajwi tu, basi.

Najua mtasema, dada na diploma yako hiyo, mambo gani haya? Hata mimi nilisema hivyo mwanzoni. Nikampigia mama yangu kumlalamikia, akanijibu, "Ni wewe uliyempenda mtoto wao. Usituletee aibu huko." Akakata simu.

Nikazoea. Na mzee mwenyewe ni mtu mwema mno. Ni mzee wa kanisa, mpole, hana neno na mtu. Analeta mkungu wa ndizi, anauweka mlangoni, anakohoa ili nijue, anaondoka zake. Tumeishi hivyo kwa amani hadi lilipokuja hili la jalada.

Nyuma ya nyumba ya mzee kuna kipande cha ardhi. Zamani aliiomba halmashauri aongezewe kipande hicho, na yeye anasema alikubaliwa. Humo ndimo alimozikwa shemeji yangu mkubwa, mtoto wao wa kwanza. Kaburi limejengewa vizuri, na mama mkwe analifagia kila asubuhi kabla hajafagia uwanja wake.

Akatokea mtu akanunua kiwanja cha jirani. Akaja na ramani, akasema mpaka wake unakula kile kipande chote, kwa hiyo kaburi lihamishwe.

Wakuu, kuhamisha kaburi la mtoto!

Mama mkwe alikaa chini palepale kwenye udongo, chakula akakikataa. Yule bwana naye hakutaka mazungumzo, akaenda kufungua kesi baraza la ardhi.

Kule baraza mzee akaulizwa, kibali kiko wapi? Akasema barua ililiwa na mchwa pamoja na kabati lake. Watu wakaguna. Ndipo baraza likaiandikia halmashauri: leteni kumbukumbu zenu.

Barua hiyo ikatua mezani kwa nani? Kwangu.

Nikafungua sistimu. Majalada yetu yote yalishaskaniwa, sasa tunabofya tu. Nikaona barua ya mzee ya kuomba eneo. Nikashuka chini. Hakuna kitu. Hakuna kibali wala nakala ya jibu. Kwa kompyuta ilivyosema, mzee aliomba, hakujibiwa, akajichukulia.

Nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba kompyuta ingenionea huruma.

Nikakaa nikafikiri, ndipo likanijia jambo lililonitoa jasho na baridi yote ile.

Jalada la serikali, kwa msiolijua, lina pande mbili. Kulia zinakaa barua, zinazoingia na zinazotoka. Kushoto zinakaa karatasi za madokezo, ambako wakubwa wanaandikiana kwa kalamu. Mmoja anaandika "naomba maelekezo yako", mwingine anajibu "nakubali, endelea". Barua ni taarifa tu ya kumpelekea mwananchi. Uamuzi wenyewe unafanyika kule kushoto.

Vijana wa mkataba walioletwa kuskani hawakuambiwa hilo. Wakaona kulia kuna barua safi zilizochapwa, kushoto kuna miandiko ya mkono isiyosomeka. Wakaona ni mabosi wanapiga stori. Wakaskani kulia peke yake, jalada baada ya jalada, mji mzima! Na hakuna aliyekagua. Sote tulipiga makofi siku ya kukabidhiwa, tukala na pilau.

Majalada yenyewe ya karatasi yakafungwa mafungumafungu, yakapelekwa ghala la zamani nyuma ya ofisi.

Nikaenda kwa bosi mbio. Nikamweleza yote, na nikamwambia wazi kwamba mwenye kesi ni baba mkwe wangu, asije akaambiwa baadaye nikaonekana nambeba.

"Wewe unapeleka jalada, huamui kesi," akasema. "Mwenzako yuko likizo ya uzazi. Unataka nimtume nani, fundi bomba?"

Kisha akaniambia kitu kibaya zaidi. Kwenye ghala lilelile kulikuwa na marundo ya stakabadhi za ushuru za zamani ambazo zilishapata kibali cha kuteketezwa. Lori la kuzichukua lilikuwa linakuja wakati wowote. Na wapakiaji, mnawajua wapakiaji. Wakikuta fungu la karatasi kuukuu wanatupia juu, kazi iishe.

Niliingia ghalani nimejifunga kitambaa puani. Bati lina matundu, mvua imeingia, panya wamezaliana wakaongezeka. Mafungu hayana mpangilio wowote. Na namba za majalada zilibadilishwa wakati wa kuskani, kwa hiyo namba mpya niliyokuwa nayo haikunisaidia. Ilibidi nitafute kwa jina.

Tatizo, wazee wetu wana majina mengi. Kuna la ubatizo, kuna la baba, kuna la babu. Kwenye kompyuta kulikuwa na jina la sasa, na juu ya majalada ya zamani mtu angeweza kuwa ameandikwa kwa lolote. Nikampigia mama mkwe.

"Mama, shikamoo. Naomba kuuliza, baba zamani zile alikuwa anatumia jina gani?"

"Marahaba mwanangu. Lile la kwao."

"Lipi hilo, mama?"

"Lile la baba yake."

"Ndiyo, mama, linaitwaje?"

Akasema kwa huzuni, "Mwanangu, huyo ni baba mkwe wangu mimi. Nami nitamtajaje?"

Wakuu, hebu fikirieni. Wanawake wawili kwenye simu, lori linakuja, kaburi linakwenda kuchimbuliwa, na hakuna anayeweza kutaja jina! Nilitaka kucheka nikajikuta natokwa machozi. Mwishowe mume wangu akaniandikia jina hilo kwa meseji. Kusoma na kuandika siyo kutaja, hukumu hiyo nilijipa mwenyewe.

Nikaendelea kutafuta. Kila lilipopita gari kubwa barabarani nilikimbia mlangoni kuchungulia. Nilikuwa nafungua fungu, nakohoa, nafunga, nafungua jingine. Ofisini dirisha langu limefungwa, wananchi wananung'unika. Nyumbani sili, na mume wangu ananitazama bila kuuliza, maana anaogopa jibu.

Nikalipata. Lilikuwa chini kabisa, limebanwa na jalada la soko. Niliketi sakafuni nikalifungua upande wa kushoto. Panya walishaonja pembeni. Ila maandishi yapo: mwombaji aongezewe eneo la nyuma ya kiwanja chake, aandikiwe barua. Sahihi ipo, na muhuri upo.

Nililia kwa sauti. Bosi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Mngefikiri presha imeisha. Wapi! Siku ya baraza ilikuwa bado.

Nilimwomba Mungu mzee asije, amtume mume wangu. Nilipoingia tu pale barazani nikamwona yupo, benchi la mbele, kofia mapajani, macho chini. Nikajitupia kanga kichwani juu ya suti ya kazi. Nilionekana kituko, najua.

Mwenyekiti wa baraza ni mama mmoja mkali, kwa lafudhi yake ni mtu wa pwani. Nikaapa, nikaweka jalada mezani.

"Hili ni jalada la nani?" akauliza.

"Mheshimiwa, jina limeandikwa hapo juu."

"Nimeliona. Nataka ulitaje wewe, liingie kwenye mwenendo wa shauri."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Wakuu, sio ubishi. Ulimi wenyewe ulikataa. Miaka yote nimeufunga, leo niuambie ufunguke, na mwenye jina amekaa pale ninaweza kumgusa?

Wakili wa yule bwana akasimama, anatabasamu. "Mheshimiwa, shahidi huyu ni mkwe wa mzee, na anashindwa kusema hata jalada ni la nani. Tutaaminije kwamba limetoka masjala, lisiwe limeandikwa nyumbani kwake?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akaniambia, "Shahidi, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ukishindwa, nalikataa."

Niliona kaburi linachimbuliwa. Niliona mama mkwe na ufagio wake amesimama kando.

Ndipo benchi la mbele likalia. Mzee amesimama.

"Mheshimiwa, naomba nitoke nje kidogo."

"Mzee, kesi ni yako. Unaumwa?"

"Siumwi. Natoka ili mwanangu aseme. Nikiwa humu ndani hawezi, na hatendi kosa. Ananiheshimu."

Hakusubiri sana. Akapita katikati ya mabenchi, polepole, akanipita bila kunitazama, akatoka. Nje kulikuwa na manyunyu. Akasimama hukohuko mvuani, ametugeuzia mgongo.

Kimila halitajwi hata akiwa hayupo. Ila kule kutoka kwake nilielewa ni ruhusa, ametoa yeye mwenyewe mbele ya watu.

Nikataja. Majina yote matatu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hadi yule wakili akageuka.

Mwenyekiti akaniuliza taratibu kuhusu upande wa kushoto, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akalisoma lile dokezo, akalipokea.

Tulipotoka mzee alikuwa bado amesimama palepale, koti limelowa. Nikapita pembeni nikiwa nimeinamisha kichwa kama kawaida. Bila kugeuka, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu."

Maana yake, asante sana. Tangu niolewe, hilo ndilo neno la kwanza baba mkwe kuniambia mimi moja kwa moja.

Uamuzi ulipotoka, kipande kilibaki kwa mzee. Kaburi halikuguswa. Mama mkwe aliposikia alikwenda kulifagia, na ilikuwa mchana.

Mimi je, nimetulia? Sijatulia, wakuu. Bosi amepata ruhusa turudie kuskani ule upande wa kushoto, na lile lori limeambiwa lisubiri hadi tutenganishe mafungu. Ila tuko wachache na ghala ni kubwa. Mvua ikianza kupiga bati la nyumbani kwangu, nawaza lile bati lingine. Mle kuna watu wangapi ambao uamuzi wao uko kwa kalamu kwenye karatasi moja tu, na wao wamelala wakijua serikali imewatunzia?

Nilichojifunza: kuskani siyo kutunza. Ukibadilisha mfumo bila kuwauliza wanaoutumia jalada linasomwaje, unatunza nusu na nusu unaipeleka kwa panya. Kama una kiwanja, nenda masjala ya kwenu. Omba kwa adabu wakuthibitishie kwamba uamuzi wako umo, na kama utaratibu unaruhusu omba nakala iliyothibitishwa. Wakikuambia uje Jumatatu, nenda hiyo Jumatatu.

Karibuni mchangie. Waliopitia kama haya, au wanaofanya kazi kama yangu mikoa mingine, huko kwenu upande wa kushoto mmeuskani?

Na mtakaoniuliza inboksi jina la mzee ni nani, msijisumbue. Nilishalitaja siku ile moja, na ilibidi yeye aloweshwe na mvua ndipo niweze.