Kiti cha Chifu Muthamia

Ungemuuliza mtu yeyote wa Kibirichia, kule Meru, mwaka ule wa themanini na tatu, anaogopa nini, angekutajia baridi inayokausha viazi shambani. Kisha angegeuka kwanza kutazama nyuma yake kabla ya kutaja cha pili. Cha pili kilikuwa kiti.

Naam, kiti. Si chifu mwenyewe. Chifu Muthamia alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, na mtu wa kukohoakohoa utamwonea huruma hata kama unamwogopa. Kiti chake ndicho kilichokuwa na makali. Kilikuwa cha mbao nyeusi, miguu imechongwa kucha za simba, na juu yake mto mwekundu aliofuma mkewe. Kila Ijumaa ya baraza askari alikibeba kichwani kutoka ofisini hadi uwanjani, nusu saa kabla ya mwenyewe kufika, na kilipopita barabarani watu waliinuka. Wanaume walivua kofia. Wala hakuna aliyewaamuru. Siku moja mtu wa kwanza aliinuka, wa pili akaona aibu kubaki ameketi, wa tatu akaona hatari, basi ikawa desturi.

Marcella Gacheri naye aliinuka, na magoti yake ya miaka hamsini na minne, yaliyochoka kwa kuinamia matuta ya viazi. Aliinuka akisaga meno, akaketi akimwomba Mungu amsamehe aliyoyasema moyoni.

Alikuwa mjane, na watoto wake wote walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Zamani alikuwa na kikundi cha akina mama cha kuimba, lakini chifu alisema watu zaidi ya watano hawakutani bila kibali, na kibali cha kuimba hakikupatikana. Kwa hivyo Marcella akabaki kuongea na viazi. Viazi ni wasikilizaji wazuri, sikatai, ila hawajui kujibu.

Halafu likaja darasa la gumbaru, shule ya watu wazima, pale kwenye ukumbi wa kanisa, Jumatatu na Jumatano alasiri. Hilo lilikuwa na kibali, kwa sababu serikali ilitaka watu wajue kusoma. Marcella alienda kutafuta a, e, i, o, u, akabaki kwa ajili ya kelele. Watu ishirini na wawili chumba kimoja, wanacheka, wanabishana, na hakuna wa kuwatawanya. Alirudi nyumbani siku hizo akitembea kama msichana.

Mwalimu wao, Bundi, alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na sita. Jumatano moja aliwaeleza juu ya hadithi za nchi ambazo hazipo.

"Mwandishi huchukua woga mdogo wa leo," akasema, "anauacha ukue bila kung'olewa, halafu anatuonyesha vile nchi itakavyokuwa kesho. Wanaotawala wanajua kila kitu, na wanaotawaliwa wanaogopana wao kwa wao."

"Si hiyo ni kama kiazi kimoja kilichooza ghalani, Mwalimu," akasema Marcella. "Unakiacha kwa sababu ni kimoja tu. Mwezi ujao ukifungua ghala, ni maji na harufu."

Bundi akabaki ameshika chaki hewani. "Mama Marcella, nilikaa chuoni miaka miwili na hakuna aliyenielezea vizuri hivyo. Siku ya kupewa vyeti ni lazima darasa lionyeshe mchezo. Wewe ndiye utakayetutungia."

Akatunga. Yeye akisema, Bundi akiandika. Ilikuwa nchi ambayo mtawala wake hukaa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, eti utukufu wake unaumiza macho. Kiti kikipita, kila mtu husimama. Asubuhi watu hupanga foleni kukinong'oneza kiti: fulani alicheka jana, fulani alipiga miayo nilipokutaja. Mwishoni bibi kizee anachoka magoti, anavuta blanketi, na chini yake hakuna mtu. Mtawala alikufa miaka saba iliyopita, na hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Kisha Kithinji akauliza swali. Kithinji alikuwa mzee kuliko wote darasani, na kazi yake ilikuwa kufagia ofisi ya chifu.

"Na mgeni wa heshima siku hiyo ni nani?"

"Chifu," akajibu Bundi.

Kicheko kikakatika. Kila mmoja alijua kwamba kibali cha darasa kilikuwa kinaisha Desemba, na wa kukipigia muhuri upya ni Chifu Muthamia. Akichukia, hakuna darasa.

"Hii ni nchi isiyokuwepo," Bundi akasema, kwa sauti ya mtu anayejibembeleza mwenyewe. "Na tutatumia kiti cha kanisa."

Wiki mbili Marcella, aliyepewa nafasi ya bibi kizee, alipalilia huku akihesabu hasara. Darasa likifungwa, atarudi kwa viazi vyake, na safari hii atakuwa ameonja kuongea na watu. Mara tatu alikusudia kujitoa. Mara tatu akajiuliza ni nani mwingine mwenye magoti ya kuigiza bibi kizee, akakosa. Tena aliupenda mchezo wake, na mficha uchi hazai.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Bundi akamwambia Kithinji, "Kimbia utuletee kile kiti cha mtawala."

Kithinji alikwenda kwenye chumba cha kuhifadhia vitu, akakuta kiti cha kanisa kimevunjika mguu. Yeye hakuona shida. Kiti cha mtawala alikijua, alikipangusa vumbi kila asubuhi. Akaenda ofisini, akakitoa, akakifunika blanketi la mchezo ili watu wasisumbuke kuinuka njiani, akakileta kwa mkokoteni, akakiweka nyuma ya pazia. Alikuwa amefurahi sana na kazi yake.

Chifu alipoingia, hakukuwa na kiti mbele. Askari alikimbia ofisini, akarudi akihema. "Hakiko, mzee." Watu wanatazama, afanye nini? Chifu akajibana kwenye benchi kati ya akina mama wawili wenye watoto mgongoni, kofia yake magotini.

Mchezo ukaanza. Kithinji na mwenzake wakapita na kiti kimefunikwa blanketi. Lakini blanketi lilikuwa fupi, na kucha za simba zilichungulia chini. Mzee mmoja wa mbele akaziona, akainuka. Benchi lake likainuka, na nyuma yao ukumbi mzima. Chifu, aliyekuwa bado anawaza kiti chake kimeenda wapi, akaona watu wote wameinuka, naye akainuka. Alipokwisha kusimama wima, kofia mkononi, ndipo akaona ameinukia kiti chake mwenyewe.

Marcella naye alikuwa ameona. Angeweza kusema amesahau maneno, mchezo ukaishia hapo. Alimtazama Bundi, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka majivu. Akamtazama chifu, amesimama na kofia mkononi kama mtu mwingine yeyote siku ya Ijumaa. Kwanza alimwonea huruma, halafu akahisi kicheko kikimpanda kifuani, na woga wote ukakosa pa kukaa. Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Akavuta blanketi.

Mto mwekundu ule pale. Na magoti, kwa kweli si kwa kuigiza, yakamkatalia, akaketi juu ya mto wa chifu.

"Kumbe hakuna mtu," akasema, kama ilivyoandikwa.

Watu hawakuketi. Walikuwa wanamtazama chifu. Chifu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona mama wa pembeni yake anatetemeka na mtoto mgongoni, na akaelewa kwamba watasimama hivyo mpaka yeye aketi, hata iwe kesho. Akaketi. Ukumbi wote ukaketi kwa kishindo kimoja. Kisha akaanza kukohoa, na kikohozi kile, sijui kilipotea njia wapi, kikatoka kicheko. Ukumbi mzima ukamfuata.

Wakati wa vyeti, jina la Marcella liliposomwa, alishika mikono ya kiti ajiinue.

"Kaa, Mama," chifu akasema. "Magoti hayo yamenitumikia vya kutosha." Akamletea cheti pale alipoketi, akampa kwa mikono miwili. Halafu akainama karibu. "Kibali mtapata. Lakini mchezo huu msiupeleke Meru mjini. Huko kuna wenye viti vikubwa kuliko changu. Na hiki kirudi ofisini leo."

Kikarudi. Kithinji alikibeba kichwani, bila blanketi, na Marcella akafuata nyuma, mto mwekundu kwapani na cheti mkononi. Walipofika kwa wauza kabichi, wanawake waliokuwa wameketi kando ya barabara wakaweka mikono chini, wakaanza kujiinua.

"Kaeni," Marcella akawaambia. "Hakuna mtu."

Wakakitazama kiti, wakamtazama yeye, wakaketi.