Kikombe cha Nesi Domitila

Watu wa Babati walimcheka nesi Domitila kwa ajili ya kikombe chake cha bati. Waache wacheke. Miaka ile Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kwenye kituo chake kidogo kule Nakwa, cha watu wanaoacha pombe, daktari alipita Jumanne tu. Siku nyingine zote mzigo ulikuwa wa Domitila. Kila asubuhi, kabla ya kumpa mgonjwa vidonge vya kutuliza, alimjazia kikombe maji hadi ukingoni, akamwambia akinyanyue. Mkono ukitetemeka sana, anaongeza dozi, ukitulia, anapunguza. Mashine yake ilikuwa hiyo.

Remigius, seremala wa Singe, alikuwa siku ya pili bila gongo. Jana yake alijimwagia kikombe kizima kifuani, na usiku akamezeshwa vidonge viwili. Leo akanyanyua, wala halikudondoka tone. Wagonjwa wenzake wakapiga makofi. Mama yake mzazi, mwenyekiti wa jumuiya anayeheshimika kanisani, aliyefika tangu alfajiri na uji wa tangawizi kali kwenye chupa ya chai, akapiga kigelegele.

"Mungu mkubwa!"

Domitila hakupiga makofi. Siku ya pili mkono hautulii, jamani, siku ya pili ndiyo mbaya! Alikuwa ameuguza walevi miaka kumi na mmoja, na kabla yao baba yake mwenyewe. Mkono wa namna ile hutulizwa na kitu kimoja tu. Akavirudisha vidonge kwenye kopo.

"Umekunywa, Remigius?"

"Uji tu, sista," akajibu, ulimi mzito.

Mama yake akafoka. "Yaani unamnyima mwanangu dawa kwa sababu amepona?"

"Mama Remigius, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini dawa hii juu ya pombe, atalala asiamke."

Hata hajamaliza kusema, Remigius akateleza kutoka kwenye benchi, akaanza kukoroma. Vidonge vya usiku vilikuwa bado mwilini, na gongo ilikuwa imevikuta humo humo. Domitila akamlaza ubavu, akamfinya sikio kwa nguvu. Kimya. Akahesabu pumzi kwa saa ya mkononi: nane kwa dakika. Akahesabu tena: sita. Akamtuma Clara, mhudumu wake, akimbie kuita gari la hospitali.

"Mama, amekunywa kiasi gani?"

"Mimi mwenyekiti wa jumuiya! Unanitukana!"

"Midomo inabadilika rangi! Mtazame mwanao!"

Mama akatazama. Kitenge kikamdondoka begani.

"Glasi mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Nilichanganya kwenye uji. Alikuwa anatetemeka kama kuku aliyechinjwa, sista, nikashindwa kuvumilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Domitila alitamani kumzaba kofi. Kweli kabisa, alitamani. Badala yake akamgeuza Remigius chali, akachukua mfuko wa kusukumia hewa, akamfunika nao mdomo na pua.

"Piga magoti. Shika taya hivi, inua. Usiachie hata ukichoka."

Mama akapiga magoti. Mmoja akashika taya, mwingine akabinya mfuko, kifua cha Remigius kikapanda na kushuka kwa nguvu za mikono ya nesi. Vidole vikafa ganzi. Hakuna aliyeachia mpaka honi iliposikika getini.

Baada ya siku mbili Remigius akarudishwa kituoni, macho mekundu, aibu imemjaa. Kikombe kikajazwa. Mkono ukacheza, maji yakamwagika mezani, kwenye suruali, hadi kwenye viatu vya nesi. Wenzake wakainamisha vichwa kwa huruma.

Mama Remigius, aliyekuja safari hii mikono mitupu, akapiga kigelegele peke yake huku analia.