Ugomvi wa Kuchomea Vyungu

Mwezi wa saba kikundi cha wafinyanzi kilitaka kumfukuza mama mdogo. Kosa lake ni kugombana na mumewe. Huku kwetu, pembeni ya mji wa Sumbawanga, wachoma vyungu wanaamini ugomvi ukisogea karibu na moto, chungu kinapasuka. Na kweli vilikuwa vinapasuka. Mama mdogo hajui kazi nyingine, wala haitaki.

Mimi nilikuwa kwake nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na kusubiri siwezi. Nikamfuata mwenyekiti.

"Shikamoo mama. Tufanye jaribio. Mashimo mawili, udongo uleule, nyasi zilezile, mavi ya ng'ombe yaleyale. Shimo moja liwe na ugomvi, lingine kimya. Tubadilishe kitu kimoja tu."

Wakakubali wote! Tukaazima mizani dukani, kila asubuhi tunapima vyungu, mpaka uzito ukaacha kushuka. Maana yake vimekauka. Hapo hakuna aliyebisha. Kazi ikawa kuupata ugomvi.

Siku ya kuchoma baba mdogo alikuja amevaa koti la kuendea misa. Akakaa kwenye kigoda kando ya shimo la ugomvi, mikono magotini.

"Haya, anzeni," mwenyekiti akasema.

"Mimi sina neno na mke wangu."

Mama mdogo akamgeukia. "Huna neno? Jana ulikuwa nalo mpaka jirani akazima redio!"

"Jana tulikuwa wenyewe. Leo kuna watu."

"Baba mdogo, jitahidi basi," nikamwambia. "Jaribio linaharibika."

"Mwanangu, nitagombanaje sijaudhiwa?"

"Si ulisema ugali wangu ni wa wagonjwa?" mama mdogo akamkumbusha.

"Lakini ulikuwa laini kweli."

Basi, ugomvi ukawaka. Ugali, shemeji aliyetoka Matai akakaa mwezi mzima, jogoo aliyeliwa bila kuulizwa mtu. Nilifurahi sana.

Kumbe balaa liko shimo la kimya. Mama mmoja alinong'ona, "Ule siyo ugomvi, wale wanapendana."

"Wewe ugomvi unaujua? Mumeo si bubu?" akajibiwa.

Hapo wakaanza kurushiana maneno kuliko hata wanandoa wenyewe.

"Nyamazeni! Ninyi ni shimo la kimya!" nikapiga kelele.

"Na wewe umeshalichafua," mwenyekiti akaniambia.

Mama mmoja, ili kuonyesha kwamba hakuna kilichopasuka, akafunua nyasi za shimo hilo la kimya moto ukiwa bado mkali. Upepo baridi wa Ufipa ukaingia wote.

Jioni tukatoa. Kwenye ugomvi, vyungu vyote vizima. Kwenye kimya, vitatu vimepasuka. Nikaeleza jinsi upepo wa baridi unavyopasua udongo wa moto, mpaka nikachora chini kwa kijiti. Nani asikie?

"Sayansi imeshasema," mwenyekiti akatangaza. "Mama huyu haondoki. Na mumewe aje kila tukichoma."

"Nije kufanya nini?" baba mdogo akauliza.

"Kugombana."

"Nina ulezi wa kupura mimi!"

"Utapura baadaye. Ugomvi wenu sasa ni mali ya kikundi."

Akamtazama mkewe amtetee. Mama mdogo alikuwa anafuta majivu kwenye chungu chake, anacheka peke yake.

"Twende nyumbani, mume wangu," akasema. "Na njiani usinijibu kitu. Tusije tukaumaliza."