Zulia la Askofu

Mimi nina ugonjwa wa wageni. Mgeni akisema anakuja, siwezi kukaa chini. Napiga deki mpaka mahali ambapo hatapita, natoa vikombe vya kabatini, nagombana na kila mtu nyumbani. Basi mwaka jana mwalimu mashuhuri wa densi kutoka Nairobi alipokubali kuja Kisumu kufundisha kikundi chetu kwa siku moja, ugonjwa ulinipanda vibaya.

Kikundi ni cha wanafunzi wa chuo ninachofundisha, na mimi ndiye mlezi wao. Wako kumi na wawili. Wengi wanatembea, wawili wako kwenye viti vya magurudumu, mmoja haoni vizuri, na mmoja, msichana wa mtaa wa Manyatta, hasikii kabisa. Huyo asiyesikia ndiye aliyekuwa kiongozi wa densi. Ukumbi wetu una sakafu ya mbao ya zamani. Tunaweka ngoma juu ya mbao zenyewe, wote wanavua viatu, na mdundo unampanda msichana kupitia nyayo. Hakosei. Sisi wenye masikio tunaharakisha, tunachelewa, halafu tunabishana nani amechelewa. Yeye hapana. Wenzake walizoea kumtazama, na akiinua bega tu, kundi zima linaanza.

Mgeni alikuwa na nafasi moja ya kutoa. Angechagua mchezaji mmoja aende Nairobi kufanya mazoezi na kundi lake kwa miezi mitatu, chakula na malazi juu yao. Msichana wetu alikuwa anamaliza chuo mwezi uliofuata, na baada ya hapo ilikuwa ni kurudi kumsaidia mama yake kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni Kondele. Siidharau omena, hata mimi imenisomesha. Lakini yeye alitaka kucheza, na nafasi ilikuwa hiyo moja. Barua ya kumwalika mgeni niliandika mimi, na nusu yake ilikuwa sifa za huyu msichana.

Siku moja kabla ya mgeni kufika nikaitazama ile sakafu, nikaona aibu. Mbao zimepauka, vichwa vya misumari vimechomoza, pembeni mchwa wamejipitia. Yawa! Mtu mkubwa hivyo akanyage hapo? Huku kwetu, kumpitisha mgeni kwenye sakafu tupu ni kama kumwambia hukumtarajia. Nikaenda kwa mama mchungaji wa kanisa letu kumwomba zulia jekundu, lile ambalo hutolewa tu askofu akija. Alinipa kwa roho safi, akasema atakuja mwenyewe kuliona limetandikwa. Lilifika kwa mkokoteni, zito ajabu, na kwa vile lilikuwa refu tukalikunja mara mbili. Likajaa ukumbi wote. Nilisimama mlangoni nikajipongeza.

Kijana mmoja wa kiti cha magurudumu, mtu wa Kombewa mwenye mdomo mkali, aliingia asubuhi akasimama katikati.

“Mwalimu, hii zulia ni ya nini? Kuna harusi?”

“Wewe nyamaza. Mgeni yuko njiani.”

“Sawa, lakini magurudumu inazama. Na huyu dada yetu je?”

Hilo “je” nililisikia vizuri. Nilikuwa napanga soda, nikamwambia aniache nifanye kazi.

Mgeni alifika, mama wa makamo, mpole, akasifu mapokezi, nami nikavimba kichwa. Mkuu wa chuo alikaa mbele, mama mchungaji kando yake na kitambaa chake kizuri cha kichwani. Mgeni akaomba kwanza awaone wachezaji wakicheza densi yao wenyewe, ndipo aanze kufundisha.

Ngoma ikapigwa. Msichana alikuwa mahali pake, kichwa ameinamisha. Akangoja. Nikaona vidole vya miguu yake vikitafuta kwenye zulia, huku na huku. Wenzake kumi na mmoja wanamtazama bega. Bega halikuinuka. Akainua uso kuwatazama wao, nao bado wanamtazama yeye, na mpiga ngoma anaendelea tu. Wawili wakaanza, wengine wakafuata, watu wakagongana. Akapiga goti, akaweka kiganja juu ya zulia, akakibandika kwa nguvu.

Nilijua pale pale. Nisije nikajitetea kwamba nilielewa baadaye.

Mgeni akaniinamia. “Huyu ndiye yule uliyeniandikia habari zake?”

Kitu cha kusema kilikuwa kimoja: ngojeni, tutoe zulia. Lakini mama mchungaji alikuwa analipiga picha kwa simu, na mkuu alikuwa ametoka kunisifu mbele ya watu kwa jinsi ninavyowajua hawa vijana. Niinuke niseme nimesahau wanavyocheza? Ulimi ukajitafutia njia yake.

“Ndiye,” nikasema. “Lakini bado anajifunza. Nadhani nilimsifu mapema.”

Mimi na msichana huwa tunaongea kwa njia moja: lugha yangu ya ishara ni mbovu, kwa hiyo namgeukia nasema polepole, naye anasoma midomo. Nilipoinua macho alikuwa bado amepiga goti, hatua tatu mbele yangu, ananitazama usoni.

Somo likaendelea mpaka saa saba. Alijitahidi kufuata kwa macho, daima nyuma kidogo. Tulipomaliza nilimpeleka mgeni ufuoni kula samaki. Kabla samaki hajaletwa, simu ikalia. Alikuwa kijana wa Kombewa.

“Mwalimu, rudisha huyo mama. Tumetoa zulia. Huyu dada anacheza, wuoi, njoo uone! Dakika tano tu.”

Nyuma ya sauti yake niliisikia ngoma na miguu kwenye mbao. Mgeni alikuwa ananawa mikono, anatabasamu, hana haraka yoyote. Nikasema, “Amechoka,” nikakata simu.

Mgeni alichagua msichana mwingine. Ni mchezaji mzuri, siwezi kumnyang'anya sifa yake.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Mwishowe nikampigia mgeni nikamwambia yote. “Kwa nini hukusema?” akauliza. “Si tungelitoa sote pamoja?” Nafasi ilikuwa imeshatolewa, na aliyeipata hakuwa na kosa la kupokonywa.

Ndipo nikaenda Manyatta. Mama wa msichana hakuwa amewahi kuniona, lakini alinipokea kama mtu wa kwao. Akaleta chai, akapasua mkate, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Msichana alikaa mlangoni akichagua omena kwenye ungo, uso ameuelekeza kwetu.

“Ero kamano, Mwalimu,” mama yake akasema. “Asante kuvumilia mtoto wangu. Yeye amenieleza. Amesema hakuwa tayari, kosa ni yake, ati wewe ulijaribu sana kumsaidia. Mimi nimemwambia arudi kwako ajifunze zaidi.”

Nilikuja na maneno ya kuomba msamaha kwa kitu nilichomnyima; sikujua kwamba alikuwa ameshanifunika mbele ya mama yake, akajipaka yeye matope. Ningeweza kumeza ile chai, nishukuru, niondoke na heshima yangu. Nakiri nililifikiria.

Nikaweka kikombe chini. Nikageuka nimwelekee msichana, nikasema polepole, yeye asome na mama yake asikie. Nikasema habari ya zulia. Nikasema nilivyomjibu mgeni, neno kwa neno. Nikasema kwamba niliitwa turudi, nikakataa. Mikono yake iliacha omena. Nikasema, “Ulikuwa tayari. Mimi nilidanganya, na nilidanganya nikijua.”

Mama yake hakunifokea. Heri angenifokea. Alinitazama kama mtu anayetaka tu kuelewa.

“Mwalimu,” akasema, “ulikuwa unaogopa nani?”

Nikawapitia mmoja mmoja kichwani. Mkuu wa chuo angecheka, halafu angeita vijana wa kulibeba lile zulia. Mama mchungaji angeshika ncha yeye mwenyewe, namjua. Mgeni alishanijibu kwa simu. Nilitafuta mtu mmoja wa kumtaja, nikamkosa.

Msichana alikuwa bado ananitazama mdomo, akingoja niseme.