Makaburi Mawili ya Mwanahawa

"Kaburi langu likipinda hata unene wa kidole, nifukieni humo mimi mwenyewe!"

Zaidi, mchimba makaburi, aliyasema hayo sokoni Dodoma, mbele ya wauza mtama na askari wawili wa boma, siku Bwana Shauri, mkuu wa boma, alipomsifu. Reli ilikuwa na miaka miwili tu mjini, na Mjerumani huyo, mtu wa kuumwa kichwa akiona kitu kimekaa upande, alikuwa amepima makaburi mapya ng'ambo ya stesheni kama anayepanga gwaride. Safu zote zilitoka kaskazini kwenda kusini, kamba ikivutwa kigingi hadi kigingi. Mchimbaji akipindisha, viboko ishirini na vitano.

Nyumbani sifa hizo hazikumtisha mtu. "Wafu umewanyoosha," mkewe Mwanahawa alimwambia, "kitanda chetu je, kitaacha lini kuyumba?"

Mwanahawa huyo aligombana hata na kuku waliokatiza mbele ya msala wake. Kibla ni kibla, alisema.

Mpaka hapo Waislamu walizika kwao, kando ya mji. Kisha homa ikaingia, na boma likaamuru: maiti zote makaburi mapya, kwenye mstari. Siku ya nne baada ya amri, alfajiri, Mwanahawa akafariki.

Zaidi akasimama kwenye safu, kamba mkononi. Maiti ya Mwislamu huelekezwa kibla, na kutoka Dodoma kibla iko kaskazini. Akimlaza mkewe kufuata kamba, uso utatazama stesheni, atazame mabehewa ya karanga hadi kiyama. Akimlaza inavyopasa, kaburi litakata safu, na mgongo wa Zaidi utajua kwa viboko.

Kefa, Mgogo wa Zuzu, mtani wake aliyechimba naye, akaja bila kuitwa, sururu begani.

"Pole, kaka. Unapima nini? Mkeo alikuwa mfupi."

"Kefa, leo niache."

"Nikuache uchimbe peke yako? Wewe Mrangi, saa sita shimo litakuwa bado magotini."

Zaidi akamweleza. Kefa akaitazama kamba, akatema mate.

"Bwana Shauri huwa anaingia kaburini kukagua?"

"Hathubutu."

"Basi."

Wakachimba makaburi mawili ubavu kwa ubavu, kila moja kwenye safu yake, yamenyooka kama bunduki. Kwa chini wakautoboa ukuta wa katikati, udongo wa Dodoma ukiwachubua viganja, hadi mashimo yakawa chumba kimoja. Alasiri Mwanahawa akalazwa humo kukatisha, kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Wakaziba kwa mbao, wakafukia. Juu yakabaki matuta mawili, na kamba haikuguswa.

Kesho yake Bwana Shauri akapita, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yake karani Mbwana, mtu wa Pangani, akahesabu matuta. Akamtazama Zaidi, akatazama kaskazini. Akaelewa.

"La kwanza Mwanahawa," akanong'ona. "La pili nimwandike nani? Daftari halikubali tuta tupu."

"Niandike mimi."

"Wewe mzima!"

"Niliahidi sokoni."

Kefa akakohoa kuficha kicheko, kisha kikohozi kikamgeukia kilio. Mbwana akachovya kalamu, akaandika Zaidi bin Shaaban, mchimbaji, akakausha wino kwa pumzi na kunyoosha kiganja.

Ada ya kaburi moja ilikuwa rupia mbili, na Zaidi alikuwa na mawili.