Klachi ya Bi Lavonne

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya mashamba ya lozi ya Wasco, mji mdogo wa bondeni, na mlango wa karakana ya Lavonne Tuttle uko wazi. Bi Lavonne ameshusha miwani hadi ncha ya pua. Mkononi ana sahani ya klachi, pana kama sinia dogo. Anaigonga kwa ukucha, anaisikiliza, kisha anaiweka kando.

"Hiyo ina ufa," anasema.

"Umeuona wapi?" anauliza mdogo wake, Garland.

"Sijauona, nimeusikia. Wewe pima tu."

Garland anaipaka dawa ya kutafutia nyufa, anasubiri, anainama. Mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, unajitokeza ukingoni.

"Dada, siku utakayokosea nitafanya sherehe."

"Alika watu mapema."

Bi Lavonne ana miaka sabini na tatu. Huku bondeni, ukitaja mbio za magari watu wanajua unazungumzia nini: magari mawili, barabara iliyonyooka, mita mia nne, na kwa waliobobea mambo yanakwisha kwa sekunde kama sita. Anatengeneza klachi arobaini kwa mwaka, kila moja dola elfu tatu na mia mbili. Mwenye haraka huambiwa aende kwingine.

Wazazi wao walitoka Oklahoma kuja kuchuma pamba. Lavonne alipofika miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa pampu za umwagiliaji, mwanamke pekee katika kazi hiyo. Mwaka 1974 yeye na Garland walijenga gari la mbio nyuma ya nyumba ya wazazi wao. Injini yake ilikunywa methanoli, aina ya spiriti, na kutoa nguvu za farasi elfu moja na mia tano.

Nguvu hizo ndizo zilizomshinda. Taa ya kijani ikiwaka, tairi zake zilizunguka pale pale zikitoa moshi, na mpinzani akawa ameshakwenda.

"Nguvu nilikuwa nayo, ila nilikuwa naimwaga," anasema. "Ilikuwa kama kumlisha mtoto uji kwa beleshi."

Jibu alilipata kwenye pampu. Baadhi ya pampu kubwa zilikuwa na klachi yenye vizito vidogo vya chuma. Mtambo ulipoanza, klachi iliteleza. Kasi ilipopanda, vizito vilitanuka na kuikaza kidogo kidogo. Lavonne akaona gari nalo lingeweza kulishwa hivyo.

Walimcheka. Hoyt Sizemore, bingwa wa bonde zima wakati huo, alimwambia mbele ya watu: "Lavonne, klachi inayoteleza inaitwa klachi mbovu. Hata mama yangu anayo."

Mei 1976 aliijaribu. Yeye alikaa kwenye usukani, Garland akachuchumaa ubavuni asikilize. Klachi ikapasuka. Vipande vya chuma vilitoboa bodi. Lavonne alitoka bila mkwaruzo. Garland, aliyekuwa na miaka ishirini, alipoteza jicho la kushoto.

Lavonne aliuza injini akarudi kwenye pampu. Kwa miaka miwili hakukanyaga uwanja wa mbio.

"Nikisikia injini inanguruma barabarani, nilikuwa nafunga dirisha," anasema. "Kumtazama Garland usoni ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Yeye ndiye aliyenifuata."

Ilikuwa Jumapili, wanakula maharage na mkate wa mahindi. Garland anayakumbuka maneno yenyewe.

"Nilimwambia, jicho nimeshalitoa, dada. Usiniambie nimelitoa bure."

"Nami nikamuuliza, na la pili likitoka?"

"Nikamjibu, basi jenga kitu kisichoweza kulitoa."

Safari hii Lavonne hakuanza na klachi. Alianza na kasha la kuifunika, la chuma kinene kama kidole gumba, lisilo na kiungo hata kimoja. Wakachimba shimo katika shamba la pamba, wakafunga injini kuukuu humo, na wakiwa wamejibanza nyuma ya tuta, wakapasua klachi kumi na moja kwa makusudi. Kila mara walifungua kasha na kuhesabu vipande. Hakikutoka nje hata kimoja.

Ya kumi na mbili haikupasuka. Wakaiacha injini ivume mpaka methanoli ikaisha, na klachi ikabaki nzima.

Machi 1979 alirudi uwanjani na injini nyingine, akafika fainali. Mpinzani wake alikuwa Hoyt. Taa ilipowaka, Hoyt alichomoka, na gari la Lavonne likaondoka taratibu kama linakwenda kanisani. Watu wakaanza kucheka. Katikati ya njia klachi ikashika yote. Lavonne alimaliza kwa sekunde sita nukta kumi na nne, mbele kwa urefu wa magari mawili.

Hoyt alimfuata kwa miguu, kofia mkononi.

"Nilikuona uko nyuma yangu," alisema.

"Ulitazama mapema."

Hoyt akainama, akachungulia chini ya gari. "Utanitengenezea lini?"

"Nunua kasha kwanza. Bila kasha siuzi klachi."

Sharti hilo lipo mpaka leo. Baada ya miaka mitatu karibu kila gari la mbio bondeni lilikuwa na klachi ya vizito, nyingi zikiwa zimeigwa. Lavonne hakuwahi kuisajili kwa jina lake. Nilipomuuliza kama anajuta, alitikisa kichwa.

"Kasha nalo wameliiga. Hilo ndilo nililotaka waige."

Aliacha kukimbia mwaka 1988. Muda wake bora ni sekunde sita nukta sifuri tatu. Tano hakuwahi kuiona. Sasa, nyuma ya karakana, lipo gari jipya lililofunikwa turubai. Mwezi uliopita daktari alimpima moyo, macho na shingo, akamtilia sahihi ya ruhusa ya kukimbia. Ataliendesha Machi.

"Mimi nimemwambia atafute mtu wa kuliendesha," anasema Garland.

"Nimetafuta, nikajipata," anajibu dada yake. "Nataka tano. Hata tano nukta tisini na tisa nitaipokea kwa mikono miwili."

Na Machi ikikataa?

"Aprili ipo."